Robo ya Ulita

Ulita Sysoeva alifika kijiji cha Zaruchye akiwa na robo moja tu ya ualimu, na hakulijua hilo mpaka alipokwisha kupanga madawati. Usimcheke bado. Waliompeleka nao hawakulijua, na wao ndio waliokuwa na mihuri.

Kabla ya hapo alikuwa msokotaji katika kiwanda cha kitani cha mjini, kazi aliyoingia akiwa bado hajaota matiti. Kitani husokotwa kikiwa kimelowa, kwa hiyo ukumbi wao ulijaa mvuke, na ukumbi wa jirani, kinapochanwa, ulijaa vumbi lililoingia kila mahali hata ndani ya mkate. Dada yake mkubwa, Yevlampia, alilikohoa vumbi hilo miaka kadhaa akafa nalo. Ulita naye alikuwa ameanza kukohoa asubuhi wakati Chama kilipotangaza kwamba kila mtoto wa nchi hii ataenda shule, atake asitake, na ghafla ikaonekana kwamba walimu hawatoshi hata kidogo. Wakatafutwa vijana wa viwandani. Ulita alinyoosha mkono kabla msemaji hajamaliza sentensi. Alipenda kusoma, ndiyo, lakini kwanza alitaka kutoka kwenye ule ukumbi akiwa hai.

Kozi ilikuwa fupi na ya kisasa. Siku hizo mwalimu kusimama mbele ya darasa na kufundisha lilikuwa jambo la aibu, tabia ya zama za mfalme. Wanafunzi waligawanywa katika brigedi. Brigedi ilipewa kazi, ikajisomea yenyewe, kisha mmoja wao akasimama na kujibu kwa niaba ya wenzake, na alama aliyoipata ilikuwa ya wote. Ulita aliwekwa na wanawake watatu wa ukumbi wake wa zamani. Jioni ya kwanza walikaa mezani wakagawana kazi kama walivyozoea.

"Glafira chukua hesabu, wewe kichwa chako chepesi," alisema Kapitolina, aliyekuwa mnene na mwenye amri. "Mimi nachukua lugha, kuandika na sarufi. Zinovia achukue mito, milima na wadudu wake."

"Na mimi?" aliuliza Ulita.

"Wewe una mdomo. Chukua miradi."

Hakuna aliyeona kosa. Kiwandani mmoja anachana, mwingine anasokota, mwingine anafuma, na kitambaa kinatoka. Nani amewahi kumwambia msokotaji afume? Kila mmoja akajifunza robo yake mpaka ikamkaa barabara, na robo tatu za wengine hakuzigusa. Siku za kujibu, Glafira alisimama. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Wenzake walimpa majibu yao asubuhi, naye akayatoa mchana kama aliyezaliwa nayo, bila kuyaelewa yote. Brigedi ilihitimu kwa alama ya vizuri sana, wakapigwa picha.

Robo ya Ulita ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Shule mpya, walisema wakufunzi, haitakuwa na masomo yaliyokatwakatwa. Itakuwa na mradi mmoja mkubwa, tuseme kuku. Mtoto akihesabu mayai, hiyo ni hesabu. Akiandika tangazo la kuku, hiyo ni lugha. Akiuliza kuku anakula nini, hiyo ni elimu ya viumbe. Ulita aliuelewa mradi wa kuku kutoka kichwani hadi kwenye kucha.

Kisha wakaitwa ofisini kupangiwa vituo.

"Brigedi yetu inapelekwa wapi?" Ulita alimwuliza karani.

"Brigedi gani?" Karani hakuinua macho. "Nyinyi wanne, shule nne. Hesabu hiyo hata mimi naiweza."

Nje walisimama kwenye matope wakitazamana. Zinovia alicheka kidogo, akaacha. Vijiji vinne vilikuwa kando ya mto mmoja, kila kimoja mwendo wa asubuhi kutoka kwa mwenzake, na wakajipa moyo kwa hilo. Ulita alijiambia kwamba pengine huko vijijini kuna utaratibu mwingine ambao wao hawajaambiwa.

Shule ya Zaruchye ilikuwa nyumba ya mtu. Mwenye nyumba alitangazwa tajiri, yaani adui wa Chama, mwaka uliotangulia, akapakiwa kwenye sleji ya theluji na mkewe na watoto, wakapelekwa mbali. Kwenye mwimo wa mlango palibaki alama za kisu zinazoonyesha urefu wa watoto wake, moja juu ya nyingine, na Ulita alijizoeza kupita mlangoni bila kutazama upande huo. Alipewa kulala kwa bibi Fetinya, mjane aliyekaa majira yote juu ya jiko lake kubwa la udongo, ambalo huko watu hulalia kwa ajili ya joto, kama mwenyekiti wa mahali pale.

Asubuhi ya tatu alianza mradi wa kuku. Aliwapa watoto vipande vya karatasi, akawatuma nyumba kwa nyumba wahesabu kuku wote wa Zaruchye. Watoto walirudi mchana wakiwa wamenyong'onyea.

"Hakuna kuku, mwalimu," alisema Stepanida, msichana mrefu mwenye pua nyekundu.

"Hakuna hata mmoja?"

"Kijiji kizima."

Wakati huohuo jogoo aliwika mahali fulani, sauti ikitokea kama chini ya ardhi. Watoto wakatazama viatu vyao.

Jioni bibi Fetinya alimfafanulia, huku akikoroga supu ya kabichi. "Mwanangu, mwaka juzi walikuja watu kuhesabu ng'ombe. Ng'ombe wako wapi leo? Wakaja kuhesabu farasi. Sasa wewe unatuma watoto wetu wenyewe watuhesabie kuku. Wanawake wamewashusha kwenye maghala ya viazi, chini ya sakafu. Wangu yuko nyuma yako, ndani ya kikapu, usimkalie."

"Lakini ni hesabu tu, bibi. Ni somo."

"Hata wale walisema ni hesabu tu."

Ulita alipeleka kijiko kinywani na hakuonja kitu. Robo yake ya ualimu ilikuwa imekataliwa na kijiji, na alidhani hilo ndilo baya kuliko yote. Kumbe lilikuwa njiani baya zaidi. Gazeti lilifika, na Nikifor, mwenyekiti wa kijiji, akalisoma kwa sauti mbele ya watu, akijikwaa kwenye maneno marefu. Kamati Kuu ya Chama imegundua kwamba miradi inaharibu shule. Watoto wanahesabu kuku lakini hawajui kusoma wala kuandika sawasawa. Kuanzia sasa shule itoe maarifa ya kweli, yaani lugha, hesabu na jiografia, kila somo peke yake.

"Kwa hiyo hutahesabu tena kuku?" Nikifor alimwuliza.

"Inaonekana hivyo."

"Vizuri. Basi kesho wafundishe kugawanya. Wangu ananisumbua na kugawanya."

Ulita aliitikia kwa kichwa. Usiku ule hakulala. Kugawanya ilikuwa robo ya Glafira. Alijua kujumlisha, alijua kutoa, alijua kuzidisha ilimradi namba zisizidi vidole sana. Hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya alichoambiwa, kwa bidii, akapewa alama ya juu kwa hilo, na sasa waliompa alama walisema kile alichokijua ni sumu na kile asichokijua ndicho ualimu. Alijaribu kuona alikosea wapi na hakupaona. Asubuhi alipiga chafya mara mbili, akashika kifua kwa hofu, akakumbuka kwamba tangu afike Zaruchye hajakohoa hata siku moja.

Siku ya mapumziko ilipofika walikutana kwa Zinovia. Nasema siku ya mapumziko, maana Jumapili yenyewe ilikuwa imefutwa. Wiki sasa ilikuwa na siku sita, na ya sita ndiyo ya kupumzika, kwa amri. Bibi Fetinya aliendelea na Jumapili yake kimya kimya, hivyo nyumba moja ilikuwa na kalenda mbili, na Ulita aliishi katikati yake bila uhakika kwamba leo ni lini.

Kwa Zinovia kila mmoja alitoa kilio chake. Watoto wa Glafira walipiga hesabu kama wachuuzi lakini hawakuweza kuandika majina yao. Wa Kapitolina waliandika vizuri na wakafikiri mto wa kijijini kwao unamwagika mwezini. Wa Zinovia walijua kila mdudu.

"Brigedi haijafa," alisema Ulita. "Imetawanywa tu. Tuzunguke. Kila siku ya mapumziko kila mmoja ahamie shule inayofuata. Wiki hii Glafira yuko kwangu, ijayo Kapitolina, ijayo Zinovia. Watoto watapata zote nne."

Kapitolina akakunja mikono. "Watapata tatu. Wewe utawapelekea nini, kuku?"

Ulita alihisi uso unamwaka. Lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma.

"Mwache," alisema Glafira. "Brigedi ni wanne. Atawaimbisha, atawasomea hadithi, watapimapima vitu. Mtu hawezi kugawanya wiki zote, akili inachemka."

Basi wakazunguka. Majira yote ya baridi, kila siku ya sita, ungeweza kuwaona wanawake wanne wamefunga mbao za theluji kwenye mabuti ya sufu, wanapita kando ya mto ulioganda, wakipishana njiani na kupeana habari: Fulani wako hajui kuazima kwenye kutoa, huyo Dorofei wako anauma wenzake. Wenyeviti wa vijiji walijua, na walikaa kimya kwa sababu watoto walikuwa wanajifunza. Ulita katika wiki yake hakuleta somo jipya. Aliwachukua watoto kupima ghala la nyasi kwa kamba, wapige wenyewe hesabu za Glafira, waandike jibu kwa mwandiko wa Kapitolina, yeye akiuliza tu, "Mna hakika?" Aliuliza kwa sababu mwenyewe hakuwa na hakika. Watoto walidhani ni mbinu.

Mwaka wa pili likaja gazeti lingine. Sasa Kamati Kuu ilikuwa imegundua kwamba na brigedi ni kosa. Watu wamejificha nyuma ya migongo ya wenzao. Mwalimu afundishe mwenyewe, darasa lake mwenyewe, kwa ratiba isiyobadilika, na kila mtu apimwe peke yake.

"Tumekwisha," alisema Zinovia.

"Inasema wanafunzi," alijibu Glafira. "Sisi si wanafunzi tena."

Walijua wanajidanganya. Waliendelea kuzunguka kwa sababu hawakujua la kufanya badala yake, na asubuhi kila darasa lilikuwa linasubiri.

Mkaguzi alikuja barafu ilipokuwa nene. Aliitwa Dronov, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Siku hiyo Ulita alikuwa Berezovka, shuleni kwa Kapitolina. Dronov alifungua mlango, akapangusa theluji kofiani, akasema, "Endelea, Ndugu Kapitolina, usijali."

Ulita angeweza kumsahihisha. Midomo ilifunguka kabisa. Lakini watoto walikuwa wanasoma, mkaguzi alikuwa ameshakaa, na kila alivyozidi kunyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema. Dronov alisikiliza, akaridhika, akaandika jina la Kapitolina, akaenda kulala kwa mwenyekiti maana kesho yake ilikuwa mapumziko. Ulita alivaa mbao zake na kukimbia Zaruchye, ambako zamu yake ilikuwa inamrudisha, akiamini mkaguzi atarudi mjini.

Siku ya kwanza ya kazi, mlango wa Zaruchye ulifunguka. Ilikuwa miwani ileile.

"Ndugu Kapitolina," alisema Dronov taratibu. "Unafanya nini huku?"

"Mimi ni Ulita Sysoeva, Ndugu mkaguzi."

"Una pacha?"

"Sina."

"Basi juzi kule Berezovka nilimwona nani?"

"Mimi."

"Na leo?"

"Mimi pia."

Dronov alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena, na mwanamke hakubadilika. Alikaa kwenye dawati la nyuma. "Wanafunzi watanieleza," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayeshika ukuta.

Aliwaita ubaoni mmoja mmoja, kama gazeti lilivyotaka. Stepanida aligawanya namba ndefu iliyovuka nusu ya ubao, huku akinong'ona maneno ambayo Glafira aliwafundisha kila shule: gawanya, zidisha, toa, kisha mshushe anayefuata, asibaki juu peke yake. Dorofei aliandika imla bila kosa. Kasichana kadogo kalitaja mito mpaka Dronov akainua mkono kukazuia. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Miaka miwili nazunguka wilaya hii," alisema. "Sijaona hivi. Kila mtoto kwa kichwa chake. Hongera, Ndugu... Ulita. Hebu njoo ubaoni, nionyeshe ulivyowaingizia huu ugawanyaji. Nataka niwaonyeshe wengine."

Ulita alichukua chaki. Namba ya Stepanida ilikuwa bado ubaoni, nzuri, inashuka ngazi kwa ngazi. Aliitazama kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani aliyopita kila siku na hajawahi kuingia. Wiki zote za Glafira hapa, yeye alikuwa kwenye vijiji vingine. Hajawahi kuliona somo hilo hata mara moja.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?"

"Kugawanya."

Watoto, kwa wema wao, wakamtetea mwalimu wao kwa namna iliyomaliza kila kitu.

"Huyu ni wa kupima na nyimbo," alieleza Dorofei. "Wa kugawanya ni Mwalimu Glafira."

"Na Mwalimu Zinovia wa mito."

"Mwalimu Kapitolina anapiga kwa rula, lakini si sana."

Dronov aliwatuma watoto nje wakacheze. Alikaa muda mrefu akiligeuza jambo lile, naye Ulita alisimama palepale na chaki mkononi.

"Shule hii nimeipa alama ya juu kabisa," alisema mwishowe. "Siwezi kuifuta, nimeona kwa macho yangu. Na mwalimu wake nimwandikie nini?"

"Sijui, Ndugu mkaguzi." Kisha hasira ikampanda, hasira aliyoizuia tangu siku ya gazeti la kwanza. "Ni nyinyi mliotaka tujue pamoja. Tukajua pamoja, mkatupiga picha. Mkatutenganisha. Mkasema nijue kuku, nikajua kuku. Mkasema kuku ni makosa. Watoto wanajua, si ndiyo? Hawa watoto wanajua yote manne. Hakuna mtu mzima katika mto huu wote anayejua yote manne, isipokuwa wao. Sasa mimi kosa langu ni lipi? Niambie tu, nilijue."

Dronov hakumkemea. "Na mimi natamani kulijua," alisema, akafunga mkoba. "Lakini lazima niandike jina la mtu mmoja mmoja. Hiyo ndiyo amri."

Uamuzi ulikuja kabla barafu haijaanza kulia na kupasuka mtoni. Kuzunguka kumekoma. Kila mwalimu abaki shuleni kwake, na majira ya kuchipua wote wanne wakapimwe mjini, kila mmoja chumba chake, masomo yote. Atakayeshindwa lolote anarudi alikotoka. Ulita aliusoma mstari huo wa mwisho na pua yake ikanusa mvuke wa kiwanda.

Miradi ikiwa imefutwa, wenzake watatu walibakiwa na robo mbili za kujifunza. Yeye alikuwa nazo tatu, na hakuwa na moja ya kuanzia. Vitabu havikuwapo, kwa kuwa vya zamani vilichomwa na vipya havijapigwa chapa. Wenzake haruhusiwi kuwatembelea. Aliketi jioni mezani kwa bibi Fetinya na mshumaa, akanakili namba za Stepanida, na namba zikakataa kusema.

"Unajua nani anajua?" alisema bibi Fetinya kutoka juu ya jiko. "Yule wa pua nyekundu."

"Bibi, mimi ni mwalimu wake."

"Ndiyo. Na kuku wangu alikuwa kwenye kikapu. Kila mtu ana mahali pa kukaa siku za shida."

Kesho yake, masomo yalipokwisha, Ulita alimwambia Stepanida abaki. Alibaki pia Dorofei, bila kualikwa, na wengine wakarudi dirishani wakaona kitu ambacho hawajawahi kuona: mwalimu amekaa kwenye benchi, magoti yamefika kidevuni, na Stepanida ubaoni.

"Mna hakika?" aliuliza Ulita mara ya kwanza, kwa mazoea.

"Tuna hakika," alisema Stepanida. "Wewe ndiye huna. Rudia."

Alirudia. Alirudia siku nyingi. Watoto walikuwa walimu wakali kupita Kapitolina, na furaha yao ya kumshika kosa haikuwa na kifani, lakini Dorofei alipomcheka kupita kiasi Stepanida alimtoa nje. Kidogo kidogo zile namba zikaanza kushuka zenyewe. Kisha imla. Kisha mito. Alikuwa na aibu mwanzoni, baadaye akasahau kuwa na aibu, maana hakubakiwa na nafasi.

Alikutana na Glafira mara moja tu, kwenye foleni ya unga ya wilaya, ambako hakuna aliyeweza kuwakataza. Glafira alikuwa amekonda.

"Waombe watoto wako wakufundishe kuandika," Ulita alimnong'oneza. "Wanajua. Kapitolina aliwafundisha vizuri."

"Nikae kwenye benchi nifundishwe na watoto niliowapangusa kamasi?" Glafira alicheka. "Usijali. Nitasoma mara moja usiku wa kuamkia mtihani, nitashika. Si nilishika yenu yote?"

Mjini walitenganishwa mlangoni. Vyumba vinne, meza nne, na Ulita alikaa peke yake mbele ya watu watatu wasiotabasamu. Walimpa namba ndefu ya kugawanya. Mkono wake ulianza, na kichwani hakusikia sauti yake. Alimsikia Stepanida, na ndani ya Stepanida, Glafira. Alipofika mwisho namba haikubakiza kitu. Wakampa imla, wakampa ramani. Hakufanya maajabu, alifanya ya kutosha.

Majina yalibandikwa ukutani mchana. Kapitolina alipita. Zinovia alipita kwa shida. Ulita alipita. Waliisoma karatasi kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Glafira alikuwa ameanguka katika kuandika. Hesabu alipata alama ambayo hakuna mwingine aliyeipata siku ile, lakini imla haina cha kukariri, na makosa yalikuwa mengi kuliko mistari.

Alisimama mbele ya karatasi hiyo mpaka wengine wakaondoka.

"Mimi ndiye niliyejibu kwa ajili yenu," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kama mtu aliyepotea njia. "Kila mara. Nilisimama, mkapata vizuri sana. Mbona leo hakuna wa kusimama kwa ajili yangu?"

Ulita alitaka kusema kwamba ni amri, na alitaka kusema kwamba alimwonya, na yote mawili yalikuwa kweli na hayakufaa. Alimshika mkono. Kutoka mtaa wa pili king'ora cha kiwanda kililia kuita zamu ya jioni, na Glafira aligeuza kichwa kwa mazoea, kama walivyogeuza wote wawili tangu utotoni. Kesho yake alikuwa tena kwenye mvuke.

Ulita alirudi Zaruchye kwa miguu, maana theluji ilikuwa imeyeyuka. Bibi Fetinya alimchemshia yai, akamwekea mezani bila kuficha lilikotoka. "Umeshinda," alisema. Ulita alijibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Njia nzima alikuwa amejaribu kufurahi na kulia, akashindwa yote mawili. Kifua chake kilikuwa safi, alipumua mpaka chini, na kila pumzi ilimwambia kuna mwingine asiyepumua hivyo.

Asubuhi watoto walikuwa wamesimama wima kando ya madawati. Walikwisha kusikia, kwetu habari humtangulia mwenyewe.

"Mwalimu Glafira atakuja lini?" aliuliza Dorofei.

"Haji tena. Kaeni."

Walikaa. Kwa ratiba isiyobadilika, saa ya kwanza ilikuwa hesabu. Ulita aliandika namba ndefu ubaoni, na kwa mara ya kwanza alifundisha kugawanya mwenyewe, peke yake, mwalimu mzima. Aligawanya. Alizidisha. Alitoa. Hapo watoto wakamtangulia, wote kwa pamoja, kwa sauti ileile ya wimbo waliyofundishwa:

"Mshushe anayefuata, asibaki juu peke yake."

Ulita alisimama, chaki imegusa ubao chini ya tarakimu ile. Stepanida alimtazama, akadhani amesahau, akaanza kuinuka ili amsaidie. Ulita alimwashiria akae. Kisha akaishusha tarakimu mahali pake, na wakaendelea na somo.